RISALA YA KIKUNDI CHA VIJANA WAELIMISHAJI RIKA KWA MHESHIMIWA MGENI RASMI: TUNAOMBA KATRIJI ZA KUPIMA NA SINDANO ZA KUTIBU KISONONO

Mheshimiwa Mgeni Rasmi, Mheshimiwa Diwani, Mtendaji wa Kata, Mganga Mfawidhi, wenyeviti wa mitaa, viongozi wa dini, wazee wetu, mama zetu, na madereva mliopaki malori mkaja kutusikiliza, itifaki imezingatiwa. Shikamooni wakubwa wetu.

Tunamshukuru Mungu, na wewe mheshimiwa tunakushukuru kwa kukubali mwaliko na kufika kweli, maana tumeshawahi kupamba ukumbi na kupika pilau alafu tukaambiwa mgeni rasmi kapata dharura. Wewe umefika. Karibu sana.

Historia yetu ni fupi. Tulianza vijana wachache wa bodaboda na akina dada wa mama lishe hapa stendi, tukasajiliwa, tukafungua akaunti, tukakua. Mafanikio ni makubwa mno: tumefikisha elimu ya magonjwa ya ngono mji mzima kuanzia gesti ya kwanza mpaka kijiwe cha mwisho, makasha ya kondomu hayakauki, bonanza letu la mpira lilitikisa kata zote za jirani, na kila Desemba 1 Siku ya UKIMWI Duniani sisi ndo tunaotangulia kwenye maandamano. Yote hayo kwa hela za mifukoni mwetu.

Mheshimiwa, sasa tuje kwenye jambo lililotufanya tukualike.

Ni gono, kisonono. Wakubwa tusameheane kulitaja mbele ya watoto lakini tukinyamaza ndo linazidi. Mji huu upo barabarani, malori ya Zambia na Congo yanalala hapa kila usiku, na sisi tunaoongea na vijana ndo tunaofuatwa chemba kijana anakwambia bro nawashwa, nikikojoa ni moto na usaha unatoka. Huyo ana bahati, ameona dalili. Akina dada wengi hawaoni chochote kabisa, wanakaa nao mpaka mirija ya uzazi inaharibika, wengine wanakuja kuambiwa ugumba na kusemwa na mawifi kumbe ni ugonjwa uliokuwa unatibika kwa sindano moja, na mama mwenye kisonono akijifungua mtoto anaweza kupata maambukizi ya macho hadi upofu. Isitoshe, kisonono kinarahisisha kupata na kuambukiza virusi vya UKIMWI, hivo kazi yetu ya Desemba 1 inaliwa na huu ugonjwa tunaouonea aibu.

Kwenye kituo chetu mgonjwa anatibiwa kwa kuangalia dalili tu. Hatulaumu wahudumu, wanafanya kazi kubwa kwa kilichopo, lakini asiye na dalili anarudi nyumbani bila kitu, na mwenye dalili mara nyingi anakuta ceftriaxone, ile sindano ya kisonono, imeisha anaandikiwa akanunue nje. Hela hana, anaishia duka la dawa anauziwa antibiotiki ya cipro vidonge viwili vitatu, usaha unapungua siku mbili anadhani kapona, anarudi kwa mwenza wake, wiki ijayo yuko kwetu tena. Na hiyo cipro ndo imeshachoka: Shirika la Afya Duniani lilitoa taarifa Novemba 2025 kutokana na ufuatiliaji wa nchi 12, wakiwemo majirani zetu Uganda na Malawi, kwamba asilimia 95 ya vimelea vilivyopimwa vilikuwa sugu kwa cipro, na hata ceftriaxone tunayoitegemea usugu wake umetoka asilimia 0.8 mwaka 2022 hadi asilimia 5 mwaka 2024. Kwenye hizo nchi 12 sisi Tanzania hatumo. Yaani hapa kwetu hatujui hata tumefikia wapi, na huwezi kujua kama hupimi.

Kinachotuuma zaidi mheshimiwa ni kwamba mashine ipo. GeneXpert ile ile inayopima kifua kikuu inapima pia kisonono na klamidia, ugonjwa mwingine wa ngono, kwa mkojo tu, majibu ndani ya dakika 90 hivi, kinachobadilika ni katriji, kile kikasha kidogo cha kipimo kinachoingizwa kwenye mashine. Ni kama kuwa na kisima cha maji matamu alafu kamba ndo haipo. Mgeni rasmi mmoja wa waliokutangulia alisimama hapo hapo ulipo, tukamsomea maneno haya haya, akaahidi katriji ndani ya miezi mitatu, tukampigia vigelegele tukamvisha na shuka. Miezi mitatu ikapita, tukaandika barua, tukajibiwa suala liko kwenye mchakato, tukaandika nyingine, haikujibiwa. Mgeni rasmi aliyefuata baada yake akasema ahadi ile haikuwa yake. Mheshimiwa tunakuheshimu sana ndo maana tunakwambia ukweli, wananchi wameanza kutuona sisi ndo waongo kwa sababu sisi ndo tunaoishi nao.

Tunajua utaambiwa dawa mpya zinakuja, tusubiri. Ni kweli zipo, Desemba 2025 Marekani imeidhinisha mbili za kumeza kutibu kisonono, zoliflodacin na gepotidacin, na hiyo zoliflodacin ni dozi moja unakoroga kwenye maji unakunywa, imejaribiwa kwa watu 930 hadi Afrika Kusini. Kampuni kubwa hazikimbilii dawa za namna hii kwa sababu mtu anakunywa mara moja anapona na serikali zinataka itunzwe isitumike ovyo, faida iko wapi, ndo maana shirika lisilo la faida la GARDP likaingia kuisukuma hiyo zoliflodacin na ndo lenye haki ya kuipeleka kwenye nchi maskini zote. Tunafurahi. Lakini dawa kuidhinishwa Marekani sio dawa kufika stendi yetu, bado kuna usajili wa TMDA, mamlaka ya dawa nchini, bado MSD, bohari ya dawa ya serikali, wanunue, na ikifika bila kipimo itauzwa dukani holela kama cipro na itachoka vile vile. Kwa hiyo kipimo kwanza.

Ombi letu ni hili: halmashauri iweke katriji za kisonono kwenye bajeti ya mapato yake ya ndani, hata za kuanzia wajawazito na vijana wa stendi tu, na ceftriaxone isikate kituoni, na mwenza wa mgonjwa atibiwe siku hiyo hiyo bila kuzungushwa. Mkopo wa asilimia 10 wa halmashauri kwa vikundi tumeomba pia, fomu ziko kwa Afisa Maendeleo, lakini ukituuliza kipi kianze tutasema katriji.

Nakala ya risala hii tumekuwekea kwenye bahasha pamoja na zile barua zote mbili. Tunakuomba kwa heshima kubwa, ukisimama kuongea ututajie tarehe na jina la afisa tutakayemfuata, na katibu wetu ataandika hapa hapa mbele ya wananchi.

Naomba kuwasilisha.