Kwa wanaolala hoteli Lubumbashi Ijumaa

Bamama na batata wa kwaya, yale ya mwaka jana kwenye hoteli ya Kamalondo, hapo Lubumbashi, yasitukute tena. Saa sita usiku tunaambiwa vyumba vimeshachukuliwa, na tulikuwa tumelipa! Kosa letu lilikuwa kutoka nje na mizigo kutafuta kwingine gizani. Safari hii mkiambiwa hivyo, bakini ndani, palepale mapokezi penye taa, mnipigie hata kama nimelala. Meneja ndiye awatafutie pa kulala, na gari la kuwafikisha. Moto, yaani pikipiki za abiria, za kusimamisha barabarani saa hizo, hapana. Risiti ya malipo ipigeni picha leo. Simu zichajiwe kabla ya kutoka Likasi. Umeme wetu mnaujua. Mambo yakishindikana kabisa, dada yangu wa Katuba, hapohapo Lubumbashi, ana sebule kubwa, ila mbu wapo.