Perege wameelea, kambale wazima

Ifakara, 9 Machi

Shoga yangu Zuhura,

Salamu nyingi. Huku wazima, ila mama magoti yamemrudia na mvua hizi. Tangu msiba wa Bibi Tatu sijakuandikia, najua, utanisema siku nyingine. Leo nina shida.

Perege wamekufa. Jumanne alfajiri nimekwenda na ndoo ya pumba nikakuta bwawa jeupe, matumbo juu. Nilihesabu mpaka 214 nikachoka. Waliobaki walikuwa juu juu wanatweta, midomo wazi. Lakini kambale wote wazima, Zuhura! Mama Happy akasema basi ni uchawi huo, sumu gani inayochagua?

Mimi nikakumbuka ulivyotueleza siku ile kwa shemeji: kambale huja juu akavuta hewa, perege anategemea matamvua tu. Sasa yule wa baiskeli ya njano wiki mbili hizi anapiga dawa ya magugu kwenye kingo za mfereji. Majani yamekauka, yakaangukia majini, yakaoza. Jumatatu kamalizia kipande cha juu yetu, jioni akaosha bomba la kupulizia dawa mlemle mferejini. Mfereji huohuo ndio unaotujazia bwawa! Na kwenye chupa imeandikwa usioshe bomba mtoni wala bwawani. Kwa Kiswahili.

Dawa ni glaifoseti. Bwana ugani anasema yenyewe si kali sana kwa samaki, kali ni ile kama sabuni inayochanganywa ili ishike kwenye jani. Hiyo ndiyo inaunguza matamvua. Na majani yakioza yanamaliza hewa ya majini, ambayo alfajiri huwa imeshapungua. Kwa hiyo ni sabuni au ni uozo? Au vyote?

Ningemfuata nikamtukane, ila... bomba ni letu. Lile la kikundi, la lita 16. Nilimwazima mimi, kwa sado moja ya mchele, na sikumwambia mtu. Vifaranga vya samaki tulinunua kwa mkopo wa kikoba, kikao ni Jumapili, na mweka hazina ni Mama Happy. Mdomo ule unaujua.

Watoto wa kule nyuma waliokota perege wakakaanga kabla sijawahi kuwafukuza. Hawajaumwa, ila silali vizuri.

Hebu nijibu haraka. Kambale tuwauze, au tungoje, na tungoje muda gani? Nitoe maji yote au nibadilishe nusu? Wale perege wachache waliopona watazaa kweli? Hapo chuoni kwenu SUA, chuo cha kilimo, kuna wa kupima? Nimeweka chupa ya maji na perege wawili kwenye friji ya soda ya shemeji, nimemwambia ni dawa ya mama ya magoti. Basi la kesho nikimpa kondakta, utapokea stendi ya Msamvu? Na bomba, niseme kwenye kikao au ninyamaze kwanza?

Wako,
Mwajuma