Usirudishe tiketi

Halima mwenzangu,

Salamu nyingi kwako, kwa Mama mkubwa na kwa watoto. Habari za huku nitakupa siku nyingine, maana ujumbe wako wa jana umeniondolea raha. Eti unataka kurudisha tiketi ya safari yako ya kupumzika siku 14 kwa sababu Idrisa, mgonjwa wako unayemuuguza, kasema unamtupa! Tafadhali usirudishe. Anayeuguza akichoka kupita kiasi husahau dozi, hukaripia ovyo, mwisho huugua yeye, na hapo mtakuwa wagonjwa wawili ndani ya nyumba moja.

Ila siku 14 kwa mara ya kwanza ni nyingi mno. Nenda siku 4 au 5. Wiki hizi 3 zilizobaki Mama Zena, atakayebaki naye, aanze kuja kukaa naye saa mbili tatu wewe ukiwepo, halafu utoke jioni nzima, halafu ulale nje usiku mmoja. Umwandikie Idrisa kwenye kalenda siku unayoondoka na siku unayorudi, na saa utakayompigia simu. Ukisema saa 1 jioni, iwe saa 1 kweli. Hofu yake ni ya kutojua, na kumficha hadi asubuhi ya safari ndiko kutakakomvuruga.

Sasa klozapini, dawa yake ya ugonjwa wa akili, hapo ndipo moyo wangu ulipo. Mwambie Mama Zena, tena umwandikie: Idrisa akikosa dawa kwa zaidi ya saa 48, asimpe dozi ile ya kawaida. Mwili unakuwa umeshaizoea hali ya kukaa bila dawa, na dozi kubwa ya ghafla inaweza kumshusha presha hadi azimie. Daktari ndiye humwanzisha upya, kwa kawaida na miligramu 12.5, kisha anapandisha kidogo kidogo. Kwa hiyo vidonge vigawe mafungu mawili yakae sehemu mbili, na uache akiba ya siku kadhaa zaidi. Tarehe ya kupima damu nayo iangalie isije ikaangukia siku hizo.

Na sigara! Najua Mama Zena hataki moshi ndani ya nyumba. Lakini Idrisa akiacha ghafla, klozapini itapanda kwenye damu ndani ya siku chache, kwa sababu moshi ndio huchochea ini kuivunja dawa haraka. Plasta za nikotini hazizuii hilo, maana kinachofanya kazi ni moshi wenyewe. Ama wakubaliane avutie uani, ama umuulize daktari kabla kama dozi ipunguzwe. Dalili za dawa kuzidi ni usingizi mzito, mate kumtoka sana, kizunguzungu, hata degedege. Choo pia: siku 2 bila kupata choo, ampigie muuguzi, tumbo likiuma au kuvimba, waende hospitali hapo hapo. Watu huona aibu kuuliza habari za choo, na kufunga choo kwa dawa hii kunaweza kuua.

Karatasi ya maelekezo isizidi ukurasa mmoja, vinginevyo haitasomwa. Dawa na saa zake, namba ya daktari na ya usiku, na dalili zake za mwanzo za kuzidiwa na ugonjwa. Usiandike "akibadilika". Andika lile tunalolijua: anaacha kuoga, anafunika kioo, anazima redio. Idrisa mwenyewe aisome na aongeze yake, hasa kinachomtuliza.

Lile wazo lako la kumchukua Idrisa safarini tuliache kwa sasa. Safari ya usiku inakata usingizi, na kukosa usingizi humrudisha nyuma upesi. Safari yake naye ije, ya mchana na ya karibu.

Haya niambie: anavuta sigara ngapi kwa siku sasa? Damu atapima lini? Mama Zena ameshawahi kumwona akiwa amezidiwa, au amemjua akiwa mzima tu? Na tiketi yako, tarehe wanakubali kuibadilisha bila kukukata pesa? Nijibu leo ikiwezekana, daktari umwone kabla ya Ijumaa.

Wako,
Rukia