Mto Wandle: Vunjeni Kuta za Vinu

Mhariri,

Makala yenu kuhusu mto Wandle, kusini mwa London, imelaumu maji taka peke yake kwa kupungua kwa samaki. Ni kweli, miaka ya 1960 mto ulihesabiwa mfereji wa maji machafu. Lakini kuta zilizojengwa kukatiza mto ili maji yaendeshe vinu, nyingi zimebaki, ingawa magurudumu ya vinu hivyo yalikwisha simama.

Nyuma ya ukuta maji hupungua kasi, tope likatua na kufunika changarawe ambamo samaki aina ya trauti hutaga; mayai hukosa hewa. Samaki nao huzuiwa kupanda kutoka mto Thames, ambamo Wandle humwaga maji yake.

Ukuta usiotumika uvunjwe, kwanza tope likiondolewa lisisombwe na maji kuelekea chini ya mto. Ule wenye thamani ya kihistoria ubaki, uwekewe njia ya samaki pembeni.

Msomaji