Gari ina nosi na plagi imeungua? Usiitupe hiyo plagi

Wateja wengi wenye gari zilizofungwa nosi (mfumo unaoingiza gesi ya nitrasi kwenye injini ili kuongeza nguvu) wanakuja na ombi moja: "Fundi, gari inamisi, niwekee plagi mpya." Ukiuliza za zamani ziko wapi, zimebaki kwa fundi wa kwanza, au ziko kwenye mfuko wa nailoni zote sita zimechanganyika na hakuna anayejua ipi ilitoka silinda ipi. Tunaomba sana: kabla hujatupa chochote, andika namba ya silinda kwenye kila plagi kisha zilete zote, hata zile zinazoonekana nzima. Plagi ni shahidi aliyekuwa ndani ya silinda wakati unabonyeza swichi ya nosi. Ukifunga mpya bila kumsikiliza, nazo zitaungua, na safari hiyo pistoni inaweza kuondoka nazo.

Nitrasi ikifika kwenye joto la nyuzi 300 hivi ndani ya silinda, inavunjika na kuachia oksijeni. Kwa uzito, oksijeni ni asilimia 36 ya nitrasi, wakati kwenye hewa ya kawaida ni asilimia 23 tu. Oksijeni ikizidi, petroli nayo lazima izidi kwa kiwango chake. Hapo ndipo gari nyingi zinapoumia: nitrasi inafika yote, petroli inafika pungufu kwa sababu pampu imechoka, filta imeziba au injekta moja haimwagi vizuri. Joto linapanda, mchanganyiko unajilipukia kabla moto wa plagi haujaufikia, na kitu chembamba kuliko vyote mle ndani, yaani ule mkono uliopinda wa plagi, ndicho kinachoanza kuyeyuka.

Joto la Dar nalo lina mchango wake, na hili watu hawalipi uzito. Mtungi wa nitrasi ukiwa na nyuzi 30, presha yake ni kama PSI 900, na mifumo mingi hupangwa kwa PSI 900 hadi 1,000. Nitrasi ikipita nyuzi 36 na nusu hivi, haibaki tena kimiminika hata uibane vipi. Sasa fikiria gari imeegeshwa Posta saa nane mchana mwezi wa pili, mtungi uko kwenye buti. Presha imepanda mbali na pale ulipopangia usiku kukiwa na upepo, lakini presha ya petroli haijasogea. Ukibonyeza swichi hapo, mafuta yanakuwa machache ingawa hukugusa kitu. Funga geji ya mtungi uweze kuisoma, egesha kivulini, ufunike mtungi kwa blanketi lake. Na kwa usalama wako, usiupashe moto mtungi kwa namna yoyote ya kienyeji.

Plagi tunaisoma kwa lenzi na tochi, maana alama zenyewe ni ndogo mno. Tunaanza na kauri nyeupe. Ikiwa na vidoti vyeusi kama pilipili manga iliyosagwa, injini imeanza kugonga, yaani mchanganyiko umeanza kujilipukia. Vidoti hivyo viking'aa rangi ya fedha, hiyo ni aluminiamu, na aluminiamu hiyo imetoka juu ya pistoni yako. Hapo hatuuzi plagi. Tunapima kompresheni, tunapima silinda inavujisha kiasi gani, na tunaingiza kamera kupitia tundu la plagi kuiangalia pistoni kabla injini haijanoki kabisa.

Kwenye mkono uliopinda tunatafuta mahali rangi inapobadilika kwa joto. Tunapenda ibadilike karibu na kona. Ikishuka hadi mkono unapoungana na nyuzi za plagi, mara nyingi taimingi iko mbele kupita kiasi. Mkono wote ukiwa na rangi ya buluu, joto limezidi. Kauri ikipasuka au kumeguka, tunatafuta pia kipande kilikoangukia. Masizi makavu meusi ni petroli nyingi, unyevu wa oili unatupeleka kwenye ringi au tabo (turbo).

Plagi zote zikionyesha tatizo lilelile, tunaangalia presha ya mtungi, pampu, taimingi na ubora wa petroli. Ikiwa moja tu, tunaanza na injekta yake na jinsi nitrasi inavyogawanyika.

Usomaji huu unaharibika kirahisi. Ukitoka kukimbiza gari kwa nguvu zote kisha ukakaa kwenye foleni ya Mwenge injini ikiwa sailensi (inaunguruma bila kukanyaga mafuta), masizi yanafunika alama tulizozihitaji. Ndiyo maana tunafunga plagi mpya, gari inakimbizwa kwa nguvu zote raundi moja kwenye uwanja uliofungwa, injini inazimwa hapohapo mwishoni, gari inaserereka mpaka isimame, plagi zinafunguliwa palepale. Barabara ya Bagamoyo si mahali pa kazi hii, na hatuifanyi huko.

Kuhusu plagi ya kurudishia: kwa nyongeza ya nguvu za farasi 75 hadi 100, kwa kawaida tunakwenda hatua moja ya ubaridi, yaani plagi inayoondoa joto lake haraka zaidi. Kwa NGK namba inapanda, mfano 6 kwenda 7; kwa Denso ni 20 kwenda 22; Bosch ni kinyume, namba ndogo ndiyo baridi zaidi. Gepu (nafasi ambayo cheche inaruka) la milimita 1.1 tunalibana hadi 0.8 au chini kidogo, na tunapendelea mkono mfupi na mnene. Lakini plagi baridi haitibu upungufu wa petroli. Inachelewesha tu kuyeyuka kwa mkono huku pistoni ikiendelea kupigwa, nayo hushika masizi haraka kwa gari ya foleni za kila siku.

Ukija, funga valvu ya mtungi kabisa. Njoo na plagi zenye namba, na utuambie mambo matatu: geji ya mtungi ilisoma ngapi, petroli ulijaza wapi, na ulibonyeza swichi injini ikiwa mizunguko mingapi. Ikiwa chini ya 3,000 kwa dakika, pistoni inaweza kuwa imeumia, hivyo tutaanza kukagua kwa kamera.