Barua kwa Zuhura kuhusu operesheni ya shemeji

Tanga, Jumapili

Shoga yangu Zuhura,

Ujumbe wako nimeusoma mara mbili. Kumbe shemeji amepangiwa Jumatano, kutolewa uvimbe wa puru (mwisho wa utumbo mpana) kwa kamera. Umeandika "ni vitundu tu, siku tatu yuko nyumbani". Hapo nikashtuka, maana hata mimi mwaka juzi nilisema hivyo hivyo.

Vitundu ni vya ngozini, shoga. Ndani wanakata kipande cha utumbo na kuunga ncha mbili, chini kabisa nyongani. Mshono ule ukiachia, kinyesi kinavujia tumboni. Wangu uliachia siku ya 5. Asubuhi nilikunywa uji nikacheka na wageni. Jioni moyo unakwenda mbio, tumbo limejaa kama ngoma, ushuzi hautoki. Homa ilikuja baadaye, tena ndogo. Na mimi nilitaka kunyamaza, niruhusiwe kesho yake! Nesi wa zamu alinishika mkono, akamwita daktari papo hapo. Damu, picha ya CT, na usiku ule ule nikarudishwa kupasuliwa: wakaosha tumbo, wakaweka mpira wa kutolea uchafu, wakautoa utumbo mwembamba nje kwenye mfuko ili kinyesi kisipite kwenye mshono.

Basi moyo wake ukienda mbio, au maumivu yakizidi badala ya kupungua, usingoje raundi ya asubuhi. Wasumbue. Na muulizeni daktari kama atawekewa mfuko tangu mwanzo. Mshono ukiwa chini sana, wengi huweka.

Mfuko nao una vituko. Wangu ulifika lita 2 kwa siku, nami nafidia kwa maji matupu, kumbe ndiyo yanayozidisha. Figo zikayumba. Ilibidi ORS, ile ya chumvi na sukari, na dawa ya kufunga choo. Nunua jagi la kupimia, uandike kila siku.

Halafu hili wanaume hawalisemi: mishipa ya fahamu ya mkojo na ya unyumba inapita hapo hapo. Akishindwa kukojoa mpira wa mkojo ukitolewa, atarudishiwa, na mara nyingi hali hiyo hupita. La unyumba aulize kabla, na wewe ukiwepo. Acha haya zako.

Utumbo wangu ulisharudishwa ndani na mfuko ukaondolewa, ila choo hakijarudi kama zamani. Harusini bado natafuta kiti cha karibu na mlango.

Alhamisi nitafika na chupa ya uji, ingawa najua hataruhusiwa kuumaliza.

Wako,
Mwanaisha