Sini ya makochi: barua kwa mwanangu

Dodoma, Jumapili jioni

Mwanangu mpendwa,

Mbukwa. Huku wote wazima. Mguu wa bibi yako umepungua kuuma, na mdogo wako yuko kwenye maandalizi ya mtihani. Skripti yako ya filamu ilinifikia Jumatatu, ila macho yangu siku hizi hayawezi maandishi ya kwenye simu, nikaipeleka stesheneri karibu na soko la Majengo wakanichapia. Nimeisoma mara mbili kimya, ya tatu kwa sauti, bibi yako akisikiliza.

Hadithi nimeipenda. Binti wa mkulima wa zabibu kule Mpunguzi amepata kazi Dar es Salaam, na siku ya kuripoti inaangukia katikati ya mavuno. Mtu wa hapa hahitaji kuelezwa uzito wake. Tunavuna mara mbili kwa mwaka, Februari na Machi, halafu Agosti na Septemba, na zabibu ikishakatwa haimsubiri mtu. Hapo usiguse kitu.

Kinachonisumbua ni sini, yaani onyesho moja la filamu, ya baba na binti. Wamekaa kwenye makochi. Binti anasema anataka kuondoka, baba anauliza nani atamsaidia shambani, binti anasema na yeye ana ndoto zake, baba anasema anaelewa ila inamuuma. Wanaendelea hivyo kurasa sita. Wewe mwenyewe ndiye uliyeniambia ukurasa mmoja wa skripti ni kama dakika moja ya filamu. Basi ni dakika sita za watu wawili kuambiana kila kilichomo moyoni, kwa zamu, bila hata mmoja kumkatiza mwenzake. Nilipofika ukurasa wa tatu bibi yako alishavuta ungo akaanza kuchambua mlenda. Najua kwa nini filamu zetu nyingi zinaishia sebuleni: hakuna kodi ya eneo, taa ipo, upepo hauharibu sauti. Lakini kochi linawakalisha watu hadi wanakosa la kufanya isipokuwa kuongea.

Umeniambia sini hiyo umeirudia mara nne, na kila mara umeboresha maneno. Hapo ndipo sikubaliani nawe, mwanangu. Maneno yako hayana kosa. Unapaka rangi nyumba ambayo mlango wake uko upande usio wake.

Nikupe kitu nilichokiona. Miaka yangu ya ukarani katika mahakama ya mwanzo, waliwahi kuja ndugu wawili wanagombea mpaka wa shamba. Walikuwa wasemaji hasa. Mmoja alitaja miti, mwingine akataja mawe, asubuhi nzima, na watu wa nyuma wakaanza kusinzia. Mzee mmoja wa baraza, ambaye hakuwa amefungua mdomo tangu shauri lianze, akauliza: "Siku ya kumzika baba yenu, nani alishika jembe kaburini?" Wote wawili wakanyamaza. Yule mkubwa akavua kofia, akaanza kuikunja, akaikunja mpaka ikawa ndogo kama leso. Nikajua hapohapo kwamba hawakuwa wamekuja kwa ajili ya shamba. Na tangu pale hakuna aliyesinzia.

Sini yako haina ile kofia. Ndiyo maana juzi usiku, umeme ulipokatika, nikawakusanya bibi yako na mdogo wako tukabunga bongo. Niliweka sharti moja: hakuna kusema "haiwezekani" mpaka tumalize, na kila wazo linaandikwa hata likiwa la ovyo. Tulipata kumi na tisa. Matano ya mwanzo yalikuja kwa dakika moja: waongelee stendi, waongelee hospitalini, mvua inyeshe, simu iite, mama aingie ghafla. Yalikuja haraka kwa sababu wote tumeshayaona. Baada ya hapo tukakaa kimya muda mrefu, na hapo ndipo wengi huinuka wakaenda kulala. Sisi tulibaki. Mdogo wako akasema: je, kama baba ndiye anayetaka aende, na binti ndiye anayetafuta sababu ya kubaki? Hilo liweke, linaweza kugeuza filamu nzima. Halafu bibi yako, ambaye hajawahi kuona skripti maishani mwake, akasema: "Huyo baba awe anahesabu."

Anahesabu nini, tukamuuliza. "Kreti za zabibu. Mnunuzi anamngoja."

Nikauona mchezo wote. Lori limesimama barabarani, linapiga honi. Upepo wa Agosti na vumbi lake. Baba ana kijiti, anagusa kreti moja moja, ishirini na tisa, thelathini. Binti anasogea: "Baba." Thelathini na moja. "Baba, Jumatatu..." Thelathini na moja. Anairudia ileile, kijiti kimesimama juu ya kreti ileile. Ameshasikia. Pengine alijua tangu wiki iliyopita. Honi inalia tena. Baba anampa binti kijiti: "Nimalizie wewe, mimi macho yamechoka." Binti anaendelea kuhesabu kwa sauti inayotetemeka, na baba anageuka kufunga turubai ambalo lilishafungwa. Kata hapo. Jibu lake tusilisikie.

Kurasa mbili, nadhani, hata pungufu. Na gharama isikutishe: lori si lazima lionekane, honi inatosha. Kreti za chini ziwe tupu, za juu tu ndizo ziwe na zabibu.

Ila usiandike wazo la bibi kwa sababu ni la bibi. Chukua mawazo yote kumi na tisa, nimeyapiga picha nakutumia, na kwa kila moja jiulize: hapa, mtu akisema ukweli sasa hivi, anapoteza nini? Kwenye kochi hapotezi kitu. Mbele ya lori anaweza kupoteza mnunuzi, na zabibu zikalala juani. Ukishachagua, andika kwanza sini nzima bila neno hata moja la mdomo, mikono na macho tu. Kisha rudisha maneno yale tu ambayo mikono imeshindwa kuyasema. "Nina ndoto zangu" sidhani kama litarudi.

Ukimaliza, mpe mtu mwingine aisome kwa sauti, wewe usisome. Msikilize anapokwama.

Nitumie kabla ya Ijumaa, Jumamosi naenda mnadani Msalato na sitakuwa na utulivu. Bibi yako anakusalimu sana. Anauliza kreti zilikuwa ngapi jumla, nami nimemwambia wewe ndiye unayejua.

Mama yako